Baiti kumi na mbili: nilivyojifunza kuzungumza na PLC, na kuilinda

Siku niliyosimamisha laini ya chupa sikugusa waya hata mmoja. Nilikuwa nimekalia kreti tupu nyuma ya paneli, laptopu mapajani, najaribu programu niliyoiandika usiku nyumbani: kila dakika iulize PLC, ile kompyuta ndogo ya ndani ya paneli inayoendesha mtambo, kiwango cha maji ya tenki la juu, iandike jibu kwenye faili. Namba ya kwanza ikaja, ya pili ikaja. Nikaona mambo shwari, nikaenda kunywa chai.

Sikumaliza kikombe. King'ora kililia, mkanda wa chupa ukasimama, na kwenye skrini ya mwendeshaji mahali pa namba pakajaa alama za nyota. Mzee wa zamu, ambaye kila asubuhi nikimpa shikamoo hunijibu "marahaba binti yangu", siku ile hakuniita binti. Aliniita "wewe".

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la aibu. Kila dakika programu yangu ilifungua muunganisho mpya na PLC, na soketi zote (ncha za miunganisho hiyo) nikawa nazirundika kwenye orodha bila kufunga hata moja. PLC ile ilikuwa na nafasi nane tu za wateja. Saba nikazijaza mimi, ya nane ilikuwa ya skrini. Sasa skrini ile ilikuwa na tabia ya kukata na kuunganisha upya kila mwendeshaji anapobadilisha ukurasa, na PLC huchukua muda kidogo kabla ya kuifuta nafasi ya zamani. Ikabisha hodi, ikakuta nyumba imejaa. PLC nayo ilikuwa imepangwa kusimamisha laini ikikosa salamu ya skrini kwa sekunde kumi. Dakika arobaini za uzalishaji zikaenda hivyo.

Hakukuwa na mdukuzi yeyote. Lakini mtu mwenye nia mbaya, akitaka laini ile isimame, angefanya kitu kile kile nilichokifanya mimi kwa mistari kumi na tano ya Python niliyoinakili nusu.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani, nimesomea VETA, chuo kikuu sijapita. Kiwanda chetu ni cha maji ya kunywa, mkoa wa Pwani. Tangu siku ile nimejifunza programu za mtandao na ulinzi wa mitambo kwa kujitafutia, na vijana wanaokuja karakanani kwa mafunzo ya vitendo huniuliza waanzie wapi. Huwa nawaelekeza hivi.

Anza na namba moja tu

Kijana akisikia "usalama wa mtandao" anakimbilia kuweka Kali Linux, mfumo wa kompyuta uliojaa zana za udukuzi. Baada ya wiki mbili anajua majina ya zana thelathini na hajui kontakta, ile swichi kubwa ya kuwashia mota, inafungwa na nini. Mimi namwambia aiweke pembeni kwanza, achague namba moja iliyo kwenye skrini ya mwendeshaji, kisha anieleze imefikaje pale.

Chukua hicho kiwango cha tenki. Sensa hupitisha miliampea 4 tenki likiwa tupu na 20 likiwa limejaa. (Kwa nini 4 na si 0? Ili waya ukikatika, usomeke 0, ujue hapo si tenki tupu, ni waya.) Kadi ya PLC hugeuza mkondo huo kuwa namba. Programu iliyo ndani ya PLC huichukua namba hiyo na kuiweka kwenye rejista, ambayo ni kijichumba cha biti 16, kwa hiyo kinabeba kuanzia 0 hadi 65,535. Halafu skrini huja kupitia mtandao na kuuliza: rejista namba fulani ina nini? Njia yenyewe imeishia hapo. Ifuate kwa mchoro wa paneli mkononi, kutoka kwenye tenki hadi kwenye kioo, mpaka uweze kuisimulia umefumba macho.

Lugha ambayo skrini na PLC huzungumza ndiyo itifaki. Ziko nyingi: PROFINET, EtherNet/IP, OPC UA, DNP3, na lugha za ndani za kampuni moja moja. Wewe anza na Modbus. Ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon, maelezo yake hupakuliwa bure, na utaikuta kwenye mita za umeme, kwenye inveta za mota, kwenye jenereta, kila mahali. Umbo lake la zamani hupita kwenye waya mbili za RS-485, ambazo zinaweza kufika mita 1,200, na miisho yote miwili unaweka kizuizi cha ohmu 120. Kizuizi hicho kikisahauliwa utapata hitilafu zinazokuja na kuondoka kama homa ya malaria. Umbo jipya limepandishwa juu ya TCP, njia ya kawaida ya kusafirisha data kwenye mtandao, na husikiliza kwenye poti 502, yaani mlango wenye namba hiyo. Hilo ndilo tutakaloshughulika nalo.

Kiwanda cha mezani

Usijifunzie kwenye mtambo unaofanya kazi. Nimeshakueleza yaliyonikuta.

Laptopu moja ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Weka OpenPLC, ambayo ni programu huria ya bure inayoigeuza kompyuta ya Linux au Windows, hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iwe PLC. Mimi niliiweka kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, ili niwe na "PLC" upande mmoja na "fundi" upande mwingine, kila mmoja na anwani yake ya IP. Andika programu fupi ya mchoro wa ngazi, lugha ya michoro ya kuprogramu PLC: pampu iwake kiwango kikishuka chini ya 200, izime kikipita kikomo cha juu. Rejista ya 0 iwe kiwango chenyewe, rejista ya 1 iwe hicho kikomo cha juu, ukianza na 800. Kwenye OpenPLC hizo ni %QW0 na %QW1. Kwa kuwa tenki huna, ongeza kiwango kwa moja kila nusu sekunde pampu ikiwa imewaka, na upunguze ikiwa imezimwa. Umepata tenki la uongo linalojaa na kuisha mbele ya macho yako.

Toleo la tatu la OpenPLC hufunguliwa kwa kivinjari kupitia poti 8080, na jina la kuingilia na nywila vyote ni "openplc". Badilisha nywila hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Tutairudia baadaye.

Ukipata vijisenti ongeza kifaa cha kweli: rilei, pampu ndogo ya tangi la samaki, kibadilishaji cha RS-485, vitu hivyo Kariakoo vipo. Mimi nilianza kuelewa vizuri zaidi niliposikia rilei ikilia "tak" kwa sababu ya msimbo niliouandika mwenyewe.

Ombi lenyewe

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi huruka. Wanaweka maktaba ya pymodbus, wanaita amri moja, namba inatoka, wanasema wamejua. Maktaba ni nzuri, nami naitumia kazini. Lakini mara ya kwanza andika ombi kwa mkono, kwa kalamu, kwenye daftari:

00 01 00 00 00 06 01 03 00 00 00 02

Baiti kumi na mbili, kila moja imeandikwa kwa tarakimu mbili za kumi-na-sita (0 hadi 9, kisha a hadi f). Mbili za kwanza, 00 01, ni namba ya muamala. Unaichagua wewe, na PLC huirudisha kwenye jibu ili ujue jibu hili ni la swali lipi. Mbili zinazofuata ni sifuri daima. Ndiyo alama kwamba hii ni Modbus. Kisha 00 06: zimebaki baiti sita. Halafu 01, namba ya kifaa, ambayo ilikuwa na maana kubwa enzi za waya mbili zenye vifaa vingi, na leo vifaa vingine havijali ukiandika nini hapo. Kisha 03, ndiyo kazi unayoiomba: soma rejista. 00 00 ni anwani ya kuanzia, na 00 02 ni idadi ya rejista unazozitaka. Kwa ombi moja huruhusiwi kupita 125.

Jibu la tenki letu la uongo, kiwango kikiwa 237, litakuwa:

00 01 00 00 00 07 01 03 04 00 ed 03 20

Muamala ule ule, zimebaki baiti saba, kifaa 01, kazi 03, kisha 04, yaani nakuletea baiti nne. 00 ed ni 237. 03 20 ni 800. Geuza mwenyewe kwa mkono angalau mara moja, baiti kubwa ikitangulia.

Ukiomba rejista isiyokuwepo, PLC haikai kimya. Itarudisha namba ya kazi ikiwa imeongezwa 80 ya kumi-na-sita, kwa hiyo 03 inakuwa 83, halafu sababu: 02, anwani hiyo sina. Watu wengi huona 83 02 wakadhani kebo ni mbovu. Kebo ni nzima. Umebisha mlango usio na chumba. Mara nyingi kosa ni la hesabu ya moja: kitabu cha kifaa kinaandika 40001, na kwenye waya anwani yake ni 0. Vitabu vingine vinahesabu kuanzia 0, vingine 1, na waandishi wake hawakuambii. Nimepoteza Jumamosi nzima kwa mita moja ya umeme kwa sababu hiyo.

Sasa msimbo:

```
import socket, struct

def pokea_kamili(s, idadi):
    data = b""
    while len(data) < idadi:
        kipande = s.recv(idadi - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("upande wa pili umekata")
        data += kipande
    return data

ombi = struct.pack(">HHHBBHH", 1, 0, 6, 1, 3, 0, 2)

with socket.create_connection(("192.168.50.10", 502), timeout=3) as s:
    s.sendall(ombi)
    kichwa = pokea_kamili(s, 7)
    muamala, itifaki, urefu, kifaa = struct.unpack(">HHHB", kichwa)
    mwili = pokea_kamili(s, urefu - 1)
    print(mwili.hex(" "))
```

Hiyo alama ya ">" ndiyo inayosema baiti kubwa itangulie. "H" ni baiti mbili, "B" ni moja. Zihesabu, utapata kumi na mbili. Neno "with" litaifunga soketi hata msimbo ukianguka katikati. Ningelijua neno hilo mapema, mzee wa zamu asingeniita "wewe".

Kazi ya pokea_kamili ni hii: TCP haikuletei barua, inakuletea maji ya bomba. Ukitegemea recv moja ikupe jibu zima, mezani itakupa kila mara, miezi mitatu mfululizo, halafu siku mtandao umelemewa itakupa nusu. Utasoma baiti za 237 kama kitu kingine kabisa. Kwa hiyo soma kichwa cha baiti saba kwanza, kitakwambia urefu, kisha subiri mpaka zitimie. Na usiuamini urefu huo kipofu: ukiona umezidi 254 huyo siye unayemjua, kata.

Kuna mitego mingine mitatu iliyoniuma. Wa kwanza ni muda wa kusubiri. Usipoweka "timeout", siku kebo ikichomolewa programu yako itaganda pale pale bila kosa lolote, na faili lako litaonekana kama kiwango cha tenki hakijabadilika tangu usiku. Kila namba unayoihifadhi iandikie saa iliyosomwa. Wa pili ni namba zenye desimali, ambazo hukaa kwenye rejista mbili: vifaa vingine huweka nusu kubwa mbele, vingine nyuma. Ukisoma joto la boila ukapata namba yenye sifuri thelathini, badilisha mpangilio wa rejista kabla ya kumpigia simu muuzaji. Wa tatu ni pupa. PLC ina kazi yake, nayo ni kuendesha mtambo. Kukujibu wewe ni hisani. Maji ya tenki la lita elfu kumi hayabadiliki mara ishirini kwa sekunde, basi kwa nini uulize mara ishirini?

Wakati haya yote yanaendelea, weka Wireshark, programu inayoonyesha kila kinachopita mtandaoni, wazi pembeni na uchuje kwa tcp.port == 502. Utaona zile baiti ulizoandika kwa kalamu zikipita, na yenyewe itakutajia kila sehemu jina lake.

Sasa jishambulie

Kwenye kiwanda chako cha mezani, kiwango kikiwa kinapanda, tuma hizi:

00 02 00 00 00 06 01 06 00 01 27 0f

Kazi 06 ni kuandika rejista moja. Anwani ni 1, yaani kile kikomo cha juu. 27 0f ni 9,999. PLC itakujibu kwa kurudia baiti zako zile zile, kama mtoto wa chekechea anayeitikia baada ya mwalimu. Na pampu haitazima tena kwenye 800. Lingekuwa tenki la kweli, maji yangekuwa yanashuka ngazi.

Rudi sasa kwenye daftari lako uonyeshe kwa kidole mahali ambapo PLC imekuuliza wewe ni nani. Ile nywila tuliyoibadilisha mwanzoni inalinda ukurasa wa poti 8080 tu. Poti 502 haina habari nayo. Itifaki hii ilibuniwa wakati waya ulikuwa unaanza na kuishia ndani ya uzio mmoja, na ufunguo wa paneli ulikuwa mfukoni mwa fundi. Aliyeufikia waya alikuwa tayari mwenyeji. Miaka iliyofuata tuliupanua waya ule ukafika ofisini, kisha intaneti, na lugha ikabaki ile ile ya wenyeji.

Januari 2024, mjini Lviv nchini Ukraine, programu hasidi iliyopewa jina FrostyGoop ilituma amri za Modbus kwa vidhibiti vya mfumo wa kupasha joto nyumba. Zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikosa joto kwa karibu siku mbili, nje kukiwa na baridi ya chini ya sifuri. Uchambuzi uliotolewa na kampuni ya Dragos mwaka huo ulionyesha amri zenyewe zilikuwa za kawaida, za itifaki ile ile uliyoiandika kwenye daftari. Nilipousoma nilinyanyuka nikaenda kuangalia kama mlango wa paneli yetu umefungwa. Najua haihusiani, lakini nilikwenda.

Ipo Modbus iliyofungiwa ndani ya TLS, njia ya kusimba mazungumzo, poti 802, na ipo OPC UA yenye vyeti vya utambulisho, poti 4840. Jifunze OPC UA baada ya Modbus, na ukiwa na sauti kwenye ununuzi wa mitambo mipya, idai. Ila PLC ya zamani hudumu miaka ishirini, na kwa wengi wetu ndiyo tunayoilinda. Kama mlango hauna kufuli, itabidi tujenge ua.

Ukirudi kiwandani

Kwanza tembea. Chukua daftari na tochi, fungua kila paneli, andika kila kitu chenye kebo ya mtandao: jina, anwani, toleo la programu yake, nani anakitumia. Mimi mara ya kwanza nilikuta modemu ya laini ya simu imefungwa kwa vibanio vya plastiki ndani ya paneli ya kompresa. Muuzaji aliifunga ili aweze kuingia akiwa kwao na kurekebisha mambo. Hakuna aliyekumbuka, na bili ilikuwa inalipwa kila mwezi na idara nyingine. Faiawoli ya ofisi yetu, ile inayochuja nani apite mtandaoni, inaweza kuwa ya bei gani yoyote. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Usitumie Nmap, zana ya kubisha hodi kwa kila kifaa, kwenye mtandao wa mitambo inayokwenda. Ofisini haina neno. Lakini PLC kongwe hubabaishwa na maswali isiyoyazoea, na nyingine huganda mpaka uzime umeme uwashe tena. Badala yake sikiliza tu: swichi nyingi za mtandao za kusimamiwa zina uwezo wa kunakili trafiki yote kwenda poti moja, nawe unachomeka Wireshark hapo bila kutuma chochote. Acha wiki nzima, zamu ya usiku ikiwemo. Kisha chuja kwa modbus.func_code == 6 || modbus.func_code == 16, yaani nani anaandika kwenye rejista. Orodha hiyo inatakiwa iwe fupi mno: skrini, kompyuta ya SCADA (inayosimamia mtambo mzima), laptopu ya fundi. Kwetu palikuwa na wa nne. Ilikuwa kompyuta ya stoo, ambayo mtu fulani aliijaribia programu miaka ya nyuma, na kila saa sita usiku ilikuwa bado inaandika sifuri kwenye rejista ambayo bahati nzuri haitumiki.

Orodha hiyo ya nani anazungumza na nani ndiyo inayokuwa sheria za faiawoli. Viwango vya IEC 62443 huzungumzia kanda na mapito: vifaa vya hatari ya aina moja viweke kanda moja, na kati ya kanda na kanda acha pito moja linalojulikana. Ofisi isifike kwenye PLC kabisa. Kama mhasibu anataka idadi ya chupa, ipeleke namba kwenye seva iliyo katikati, yeye aisome hapo. Anayetaka kuingia kutoka nje apitie VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, yenye uthibitisho wa hatua mbili, afunguliwe kwa kazi maalumu na afungwe akimaliza.

Hapa utagombana na watu wa TEHAMA, nakuambia mapema. Mwenzangu mmoja alitaka kompyuta ya SCADA ijisasishe na kujiwasha upya Jumanne usiku kama za ofisini. Jumanne usiku ndiyo tunasafisha mabomba kwa kemikali. Si kwamba alikosea kutaka visasisho. Kwao siri ya taarifa inatangulia, kwetu mtambo usisimame na mtu asiumie. Tulikaa naye karakanani nusu siku, akaona vali ikifunguka, tangu hapo tunapanga visasisho pamoja siku za matengenezo.

Angalia ufunguo. PLC nyingi zina swichi ya ufunguo yenye nafasi ya kuendesha na ya kuprogramu. Mwaka 2017 nchini Saudi Arabia, programu hasidi iliyoitwa Triton iliingia kwenye mfumo wa usalama wa kiwanda cha kemikali, vidhibiti vya Triconex, ule unaotakiwa kuzima kila kitu kabla ya mlipuko. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Kuuzungusha na kuuweka kwenye droo hakuhitaji bajeti. Nywila za kiwandani nazo ni hivyo hivyo: Novemba 2023 mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, Marekani, iliingiliwa PLC yake ya Unitronics; vifaa vya aina hiyo vilikuwa vinatoka na nywila 1111.

Flashi za kubeba nyimbo zisiguse kompyuta ya kuprogramia. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, ilifikia mitambo ya Natanz nchini Iran iliyokuwa imetengwa na intaneti, na inaaminika ilipitia kwenye flashi.

Weka nakala ya programu ya kila PLC mahali pawili, na ujaribu kuirudisha kwenye PLC ya akiba. Kwetu nakala pekee ya mashine ya kufunga vizibo ilikuwa kwenye laptopu ya fundi aliyehamia kazi nyingine; tulimpigia simu, tukamlipia nauli.

Na jambo ambalo vitabu vya kompyuta hulipita haraka: linda swichi ya mkono. Tarehe 23 Desemba 2015 washambuliaji waliingia kwenye kompyuta za kampuni za umeme magharibi mwa Ukraine, waendeshaji wakaona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe na kufungua breka, yaani kukata umeme. Wateja kama 225,000 walikosa umeme. Ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni wakafunga breka kwa mikono. Kwa hiyo ile swichi ya "mkono, zima, otomatiki" kwenye mlango wa paneli yako, ambayo mtu ameibandika utepe kwa sababu "haitumiki", ibandue uijaribu kila mwezi. Na vali ya kuelea inayokata maji tenki likijaa, ile isiyo na kompyuta yoyote, iache palepale ilipo. Ingekuwepo kwenye tenki letu la uongo, ile 9,999 isingemwaga tone.

Upande wa sheria ni mfupi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na kwa zote mbili kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa hata kama hukuharibu kitu. Utakuta siku moja kupitia Shodan, tovuti ya kutafuta vifaa vilivyo kwenye intaneti, PLC ya pampu za mji fulani iko wazi kwenye intaneti. Usiiulize hata rejista moja. Kwa mwajiri wako pia, omba ruhusa kwa maandishi, ikiwa na tarehe na majina ya mitambo.

Ukitaka kusoma zaidi, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imetoa mwongozo wa bure, SP 800-82, toleo la tatu la 2023. Kiingereza chake kizito, mimi nilikwenda nao kurasa tano kwa usiku, kamusi pembeni. CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, nao wana mafunzo ya bure mtandaoni kuhusu mifumo ya viwanda. Soma baada ya kuandika zile baiti kwa mkono, utaona kila ukurasa una kitu ulichokigusa.

Ile programu yangu ya tenki ilifufuka mwaka uliofuata. Iko kwenye Raspberry Pi ndani ya kanda yake, muunganisho mmoja, swali moja kwa dakika, na faiawoli inairuhusu kusoma tu. Mzee wa zamu alikuwa akiingia asubuhi ananiuliza, "Binti, tenki lililalaje?" nami namsomea. Amestaafu sasa. Kreti niliyoikalia siku ile bado iko nyuma ya paneli, na kabla hajaondoka aliiandika kwa rangi nyekundu ya kutia alama mabomba: HAPA ASIKAE MTU MWENYE LAPTOPU.